Uchovu na Historia Yake

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, nayo ni uchovu na uvivu. Mchovu ni mtu atakaye kutenda, na mwili wake ukakataa; mvivu ni mtu ambaye mwili wake u tayari, na moyo wake ukakataa. Kwa macho, wawili hawa hufanana: wote wameketi chini ya mgunga wakati wenzao wanafanya kazi. Tofauti yao imo ndani, na kwa muda mrefu sana hapakuwa na mtu aliyeweza kutazama ndani ya mwili wa binadamu aliye hai. Kwa hiyo, msomaji wangu, historia ya uchovu kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliohukumiwa kwa kosa lisilokuwa lao.

Sisemi juu ya uchovu wa kawaida. Mtu akitembea kutoka mji wa Isiolo hadi Archers Post, mwendo wa kilomita 35 hivi katika jua la nyika, hana budi kuchoka. Akilala usiku mmoja huamka na nguvu zake. Uchovu ninaotaka tuutafute asili yake ni ule wa mtu aliyefanya kazi ya kadiri tu, mathalani kuteka ndoo mbili za maji au kukimbia mzunguko mmoja wa uwanja wa shule, akaanguka kama gunia, na kesho yake akaamka amechoka kuliko jana.

Msuli wa mwili hufanya kazi kwa kuunguza chakula, na moto huo hauwaki pasipo hewa ya oksijeni. Hewa hiyo huvutwa na mapafu, huchukuliwa na chembe nyekundu za damu, na husukumwa na moyo. Basi ukikosekana mmoja katika wachukuzi hawa, mapafu, damu, moyo, au chakula chenyewe, mtu huishiwa upesi. Zaidi ya hayo, mwili unaopigana na vijidudu kwa siri hutumia akiba yake huko vitani, na mwenye mwili hana habari. Hayo tunayajua leo. Babu zetu hawakuyajua, wala madaktari wa Ulaya hawakuyajua mpaka juzi juzi tu.

Watu wa pwani yetu walikuwa na neno lao la zamani, safura. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya umanjano, na mwenye safura walimtambua kwa weupe wa ufizi, uvimbe wa uso na miguu, na kuhema kila apandapo kilima kidogo; tena aghalabu alionekana akila udongo. Ugonjwa walikuwa nao na jina walikuwa nalo, ila sababu ilifichika. Ilifichuka mbali sana na pwani, chini ya milima ya Uswisi. Kati ya mwaka 1872 na 1880 maelfu ya wafanyakazi, wengi wao Waitalia, walikuwa wakichimba njia ya reli chini ya mlima Gotthard. Wakaanza kupauka na kulegea hata hawakuweza kuinua sururu. Mwaka 1880 daktari Edoardo Perroncito aliwachunguza akakuta minyoo ya safura imejaa matumboni mwao, imening'inia katika utumbo na kunyonya damu. Joto na unyevu wa lile shimo, na ukosefu wa vyoo, vilikuwa vimefanya makao mema kwa minyoo ile. Hali kadhalika ndivyo ilivyo katika mchanga wenye unyevu wa pwani yetu. Isiolo, kwa ukavu wake, safura si adui mkubwa. Adui wa Isiolo ni wengine, na wa kwanza wao twende tukamtafute katika kisiwa.

Kisiwa hicho ni Malta, katika bahari ya Mediterania, ambapo Waingereza waliweka askari na manowari zao. Katika karne ya 19 askari wale walishikwa na homa ya ajabu. Ilipanda na kushuka kama mawimbi, ikatoweka wiki mbili, ikarudi; usiku iliwatoa jasho la kulowesha godoro, na mchana iliwaacha na maumivu ya mgongo na viungo. Wachache walikufa, lakini wengi walirejeshwa kwao wakiwa hawafai tena kazi, kwa maana hata baada ya homa kwisha hawakuweza kutembea masafa mafupi bila kuchoka kabisa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aitwaye David Bruce alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha homa hiyo katika wengu wa askari waliokufa. Jambo moja, hata hivyo, halikujulikana: kijidudu kiliingiaje? Wengine walilaumu mifereji ya maji machafu, wengine harufu ya bandari, wengine mbu.

Jibu lilikuwa likipita barabarani kila asubuhi. Katika miji ya Malta wachungaji walizungusha mbuzi mlango kwa mlango na kuwakamua palepale mbele ya mnunuzi, na kila mtu alisifu maziwa yale kwa kuwa freshi. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit, mzalendo wa kisiwa hicho, alipima damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa, akakuta wengi wao wana ugonjwa. Katika mwaka huohuo meli iitwayo Joshua Nicholson ilipakia mbuzi sitini na kitu kutoka Malta kwenda Marekani. Mabaharia wakajiburudisha kwa maziwa njiani. Wengi wa waliokunywa mabichi wakaugua. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na ule ugonjwa ukakoma jeshini karibu mara moja. Raia wa Malta waliendelea kuugua miaka mingi, maana amri ya jeshi haikuwahusu wao. Hilo nalo litie akilini, msomaji: kujua sababu ya ugonjwa ni jambo moja, na kuwafikishia watu wote faida ya ujuzi huo ni jambo jingine.

Kijidudu kile leo kinaitwa brusela, kwa heshima ya Bruce, na ugonjwa wake brusela vilevile. Bwana huyo hatutaachana naye hapo, kwani mwaka 1903 alifika kwetu Afrika Mashariki. Malale ilikuwa imezuka kandokando ya ziwa Viktoria, upande wa Busoga na visiwani; mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, walikuwa wameanza kupokea wagonjwa. Mwenye malale huanza kwa homa na ulegevu. Hudondosha jembe shambani, husinzia akila, na majirani humcheka kabla hawajamlilia. Kule Entebbe, Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo, na Bruce akathibitisha kwamba hao ndio wenye kosa na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wao. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwa mauti ya nchi: zaidi ya watu 200,000 walikufa, na serikali ikawahamisha wakazi wa visiwa na pwani ya ziwa waliobaki.

Sasa nitakupeleka kwa mwanamke mmoja ambaye kisa chake hunigusa kuliko cha Bruce. Jina lake Alice Evans, Mmarekani, mchunguzi wa maziwa katika idara ya kilimo. Mwaka 1918 alitoa maandiko ya kuonyesha kwamba kijidudu kiwatoacho ng'ombe mimba na kijidudu cha mbuzi wa Malta ni ndugu wa damu, na kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yaweza kuwadhuru watu. Wenye ng'ombe walikasirika. Wataalamu walimdharau, wengine kwa sababu hakuwa na shahada ya udaktari, wengine kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1922 yeye mwenyewe aliambukizwa kazini. Kwa miaka zaidi ya ishirini ugonjwa ulimrudia na kumwacha, ukamrudia na kumwacha. Siku moja mzima, siku ya pili hawezi kuondoka kitandani. Wako madaktari waliomwambia kwamba hana ugonjwa ila wa mawazo, mpaka vijidudu vyenyewe vilipoonekana mwilini mwake. Mtu aliyejua brusela kupita karibu watu wote wa nchi yake aliambiwa kwamba anajidhania tu! Mwaka 1928 chama cha wataalamu wa vijidudu cha Marekani kilimchagua kuwa rais wake, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na baadaye kuchemsha maziwa kabla ya kuyauza kukawa desturi ya nchi ile.

Ikiwa mwanachuoni hakusadikiwa, mpagazi angesadikiwa na nani? Vita Kuu vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, njia za magari zilikuwa chache na mbung'o waliua punda na farasi, hivyo mzigo wa vita ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Kikosi cha wapagazi kiliundwa chini ya Oscar Watkins, na jina lake la Kiingereza, kwa matamshi yetu, limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1917 watu walikusanywa kwa nguvu vijijini, vijana na wasio vijana. Wengi walitoka nchi za baridi za milimani wakashushwa mabondeni kwenye malaria. Waliokuwa wamezoea ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hapakuwa na kuni wala nafasi ya kuupika hata uive; tumbo likaharibika, likafuata tumbo la kuhara damu. Mtu wa namna hiyo alitwikwa mzigo wa ratili 50 hivi akaambiwa aandamane na jeshi. Alipokaa chini, msimamizi hakuuliza wengu wake umevimba kiasi gani. Hesabu za serikali zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamekadiria karibu 100,000. Risasi iliwaua wachache. Waliobaki waliuawa na magonjwa, na alama ya kwanza ya kila ugonjwa katika hayo ilikuwa kuchoka.

Linganisha na yaliyotukia Uingereza katika vita vilevile. Huko nako maelfu ya askari walihema na kutetemeka kwa kazi ndogo, moyo ukiwapiga mbio. Jacob Da Costa alikuwa amekwisha kueleza hali kama hiyo mwaka 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hali iliyokuja kujulikana pia kwa jina la moyo wa askari. Basi serikali ya Uingereza ilifungua hospitali maalumu, na daktari Thomas Lewis akaandika kitabu juu yao mwaka 1918. Kama tiba yake ilifaa au haikufaa ni maneno mengine. Ninalotaka ulione ni kwamba uchovu wa askari yule ulipewa jina, kitanda na kitabu, na uchovu wa mpagazi ulipewa kiboko.

Sasa turudi Isiolo. Mji huu ulikua baada ya vita hivyo. Askari wa Kisomali waliokuwa wametumikia Waingereza walipewa makao hapa, na baadaye Isiolo ikawa makao makuu ya utawala wa wilaya zote za mpaka wa kaskazini. Tena ilikuwa lango la mifugo. Ng'ombe wa kaskazini walizuiliwa hapa, wakachunguzwa na kuchanjwa, wasije wakawaambukiza ng'ombe wa walowezi huko kusini. Nimewaza mara nyingi juu ya jambo hili: ng'ombe wa Mborana alichunguzwa na daktari wa mifugo kabla Mborana mwenyewe hajaonwa na daktari wa watu. Walakini wote wawili walikuwa wakiugua brusela ileile.

Kwani Isiolo ni nchi ya maziwa. Siku hizi maziwa ya ngamia hukusanywa na akina mama alfajiri na kusafirishwa kwa basi hadi Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh, na ushirika wa wanawake wa Anolei umejipatia sifa kwa biashara hiyo. Ngamia mwenye brusela aghalabu haonyeshi dalili kubwa, kama vile mbuzi wa Malta wasivyoonyesha. Wafugaji wengi hupenda maziwa yasiyochemshwa, na vyombo vyao hufukizwa moshi wa miti maalumu. Moshi huo ni maarifa ya kweli: hupunguza vijidudu chomboni, hukawiza maziwa kuharibika, na ladha yake ni nzuri, mimi mwenyewe naipenda. Lakini moshi hausafishi maziwa yaliyotoka kiweleni na vijidudu vyake. Hilo hufanywa na moto tu.

Aliyeambukizwa huenda zahanati na homa, uchovu na maumivu ya viungo, naye mara nyingi huambiwa ana malaria, hupewa dawa ya malaria, hurudi nyumbani na kuendelea kuchoka. Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1973 au hata 1993 shida ilikuwa kukosa kipimo. Leo shida mojawapo ni kipimo kibaya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 nchini Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichotumiwa katika vituo vingi kiliwaita wagonjwa wa brusela watu wengi ambao hawakuwa nayo. Fikiri basi, mtu ametibiwa brusela asiyokuwa nayo, na ugonjwa wake halisi unaendelea. Tena tiba yenyewe si ya siku tatu. Ni dawa mbili pamoja kwa muda wa wiki sita, na wengi huziacha wiki ya pili wakiona nafuu, ugonjwa ukarudi.

Ugonjwa wa pili wa nyika hii ni kalazari. Vijidudu vyake viligunduliwa na William Leishman na Charles Donovan mwaka 1903, katika wagonjwa waliouguzwa na homa ya India. Kenya iliujua vizuri baada ya mlipuko wa Kitui miaka ya 1950, wakati R. B. Heisch alipoonyesha kwamba watu walikuwa wakiumwa na usubi wakaao ndani ya vichuguu. Ni nani asiyependa kuketi jioni kando ya kichuguu, au kusimama juu yake achunge mbuzi? Katika miaka ya 2000 na baadaye ugonjwa huu umezuka mara kadhaa Wajir, Mandera, Marsabit na hapa Isiolo. Mgonjwa hupata homa ya muda mrefu, wengu huvimba hata tumbo likachomoza upande wa kushoto, damu hupungua, na mtoto aliyekuwa akikimbiza ndama hukaa siku nzima kivulini. Asipotibiwa, karibu hakika atakufa. Akitibiwa kwa sindano za siku 17, wengi hupona.

Kifua kikuu sitakisimulia kwa urefu, kwa kuwa kila msomaji amekisikia. Nitataja jambo moja tu la jirani yetu Wajir: tangu mwaka 1976 Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitalia, aliwaweka wagonjwa wa kuhamahama katika vibanda vyao wenyewe karibu na mahali pa dawa, wakameza dawa mbele ya macho kwa miezi sita. Kabla ya hapo walionekana ni watu wasiotaka kutibiwa. Walitaka; walichokosa ni tiba inayolingana na maisha ya mtu mwenye ngamia.

Na njaa je? Kati ya mwaka 1963 na 1967 vilikuwapo vita vya Shifta, na Waborana wa Isiolo walikusanywa na serikali katika vijiji vya ulinzi kama Garbatulla na Merti. Mifugo haiwezi kuishi imebanwa mahali pamoja katika nchi kavu. Mingine ilikufa, mingine iliporwa au kuuawa, na watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama wakaanza kuishi kwa unga wa msaada. Unga hushibisha, lakini hauna chuma cha kutosha kwa damu wala protini ya kutosha kwa msuli. Wazee wa Isiolo huita kipindi hicho kwa uchungu, na ukisikia mtu akisema kwamba watu wa hapa walilegea wakapenda kupewa, muulize kwanza walikuwa na ng'ombe wangapi mwaka 1963 na wangapi walibaki.

Ziko sababu nyingine, nami nitazipita upesi: moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni; selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba chimbuko lake limefungamana na malaria; sukari; na kwa wasichana, upungufu wa damu wa kila mwezi usiofidiwa kwa chakula.

Imebaki moja isiyopitika upesi. Mwaka 1955 karibu wafanyakazi 300 wa hospitali ya Royal Free mjini London waliugua kwa ghafula, na baadhi yao uchovu haukuwaacha tena. Miaka 15 baadaye madaktari wawili, kwa kusoma karatasi tu, waliandika kwamba ilikuwa hofu ya kuambukizana, hasa kwa kuwa wengi walikuwa wanawake. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Marekani lilisema wazi kwamba ugonjwa wa namna hiyo ni ugonjwa wa kweli wa mwili, na dalili yake kuu ni kuzidiwa baada ya kujitahidi hata kidogo, pengine siku ya pili yake. Mwaka 2021 waongozaji wa tiba wa Uingereza waliacha ushauri wa kumzidishia mgonjwa kama huyo mazoezi hatua kwa hatua. Kufikia hapo korona ilikuwa imewaacha watu wengi duniani katika hali ileile, wamepona homa na hawawezi kupanda ngazi. Sababu yake bado inatafutwa, na hakuna kipimo kimoja cha damu kiwezacho kuionyesha. Wagonjwa hawa wamesimama leo pale waliposimama wachimbaji wa Gotthard mwaka 1879, mwaka mmoja kabla ya Perroncito kuwachunguza.